Mtakatifu Inyasi wa Loyola: Aliyejifunza Kudumu Katika Furaha na Katika Ukiwa

Kila tarehe 31 Julai Mama Kanisa hutualika kumkumbuka Mtakatifu Inyasi wa Loyola, padre na mwanzilishi wa Shirika la Yesu, yaani Wayesuiti. Wengi wetu twamjua kama baba wa shirika lenye shule, vyuo na wamisionari katika mabara mengi. Ni wachache kati yetu wanaomkumbuka kama mgonjwa aliyelala kitandani akiwa amevunjika mguu pamoja na matumaini yake yote ya ujana. Na ni wachache zaidi wanaofahamu kwamba, miezi michache tu baada ya kumrudia Mungu, mtakatifu huyu alijaribiwa kuutoa uhai wake mwenyewe.

Tumechagua kuyasimulia maisha yake kwa upande huo, kwa sababu ndani ya parokia zetu na ndani ya familia zetu wamo watu wengi ambao jana walikuwa na furaha na leo mioyo yao imekauka, wasijue ni nini kilichobadilika. Yuko aliyeingia katika ndoa kwa vigelegele, na sasa hata sauti ya mwenzake inamchosha. Yuko aliyelia kwa furaha siku ya Kipaimara chake, na sasa rozari mkononi mwake ni kama kamba tupu. Watu hao hujiuliza kama Mungu amewaacha, au kama walikosea njia tangu mwanzo. Inyasi aliyapitia hayo, akayachunguza kwa subira, akaliachia Kanisa hekima ambayo haijachakaa kwa karibu miaka 500.

Kijana mwenye kiu ya sifa

Alizaliwa mwaka 1491 katika nyumba ya kiungwana ya Loyola, karibu na mji wa Azpeitia, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Jina lake la ubatizo lilikuwa Iñigo; jina la Inyasi alianza kulitumia baadaye. Alikuwa kitinda mimba katika familia yenye watoto wengi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, naye alinyonyeshwa na mke wa mhunzi wa jirani.

Alipokuwa kijana alipelekwa Arévalo, katika nyumba ya Juan Velázquez de Cuéllar, mtunza hazina wa ufalme. Huko alijifunza adabu za ikulu, mwandiko mzuri, matumizi ya silaha, na zaidi ya yote alijifunza kupenda kusifiwa. Alipenda mavazi ya fahari, michezo ya kamari na ugomvi wa heshima. Mwaka 1517 bwana wake alifariki, baada ya kupoteza kibali cha wakuu wapya wa ufalme. Nyumba iliyokuwa imejaa wageni na karamu ikanyamaza. Hapo Iñigo alionja kwa mara ya kwanza jinsi mambo ya dunia yanavyopanda na kushuka. Lakini funzo hilo halikuingia moyoni. Alihamia tu kwa bwana mwingine, Duke wa Nájera, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme huko Navarra, akaendelea kuitafuta sifa ileile kwa njia ileile.

Tarehe 20 Mei 1521 majeshi ya Ufaransa yaliishambulia ngome ya Pamplona. Walinzi wake walikuwa wachache, na wengi walishauri ngome isalimishwe. Iñigo aliona aibu kujisalimisha, akamshawishi mkuu wa ngome wapigane. Tufe la mzinga likapita kati ya miguu yake, likauvunja mguu wa kulia vibaya na kuujeruhi wa pili. Alipoanguka yeye, ngome nayo ikasalimu amri. Wafaransa walimtendea kwa heshima, wakamtibu, kisha akachukuliwa kwa machela hadi nyumbani kwao Loyola, safari ya maumivu makali katika njia za milimani.

Kitandani Loyola

Mifupa ilikuwa imeunganishwa vibaya, ikabidi ivunjwe tena na kupangwa upya, katika nyakati ambazo hapakuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi. Hali yake ikazidi kuwa mbaya hata akapewa sakramenti za mwisho, na waganga wakaona kwamba asipopata nafuu kabla ya usiku wa manane atafariki. Ilikuwa mkesha wa sherehe ya Mitume Petro na Paulo, na usiku huo akaanza kupata nafuu. Lakini moyo ulikuwa bado uleule. Alipoona kwamba mfupa umetokeza chini ya goti na utamzuia kuvaa viatu virefu vya kiungwana, aliagiza ukatwe kwa msumeno, akayavumilia mateso hayo kwa ajili ya urembo tu.

Katika miezi ya kulala aliomba hadithi za mashujaa wapanda farasi ili apitishe muda. Hazikupatikana. Shemeji yake Magdalena, mke wa kaka yake, akampa vitabu viwili vilivyokuwamo nyumbani: Maisha ya Kristo kilichoandikwa na Ludolfo wa Saksonia, na kitabu cha visa vya watakatifu. Akavisoma kwa kukosa vingine.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo lilibadili maisha yake. Kwa saa nyingi aliwaza juu ya bibi mmoja wa heshima aliyetaka kumtumikia: namna atakavyomwendea, maneno atakayomwambia, matendo ya ushujaa atakayomfanyia. Mawazo hayo yalimfurahisha sana. Saa nyingine, baada ya kusoma, aliwaza kutenda kama Mtakatifu Fransisko wa Asizi au Mtakatifu Dominiko: kwenda Yerusalemu bila viatu, kula majani, kufunga. Mawazo hayo nayo yalimfurahisha. Kwa muda mrefu hakuona tofauti yoyote kati ya furaha hizo mbili.

Siku moja akaiona. Ndoto za sifa zilipokwisha, zilimwacha mkavu na asiyeridhika. Ndoto za kumfuata Kristo zilipokwisha, furaha ilibaki, na moyo ulitulia. Akashangaa, akaanza kuangalia si tu jinsi wazo linavyoingia, bali jinsi linavyotoka na kile linachokiacha nyuma yake. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini ndilo mbegu ya mafundisho yake yote. Askari aliyezoea kutawaliwa na kila hisia iliyompata alianza kuzitazama hisia hizo na kuziuliza zinatoka wapi na zinampeleka wapi.

Mwezi Machi mwaka 1522, ingawa kaka yake Martín alijaribu kumzuia, alikwenda kwenye monasteri ya Montserrat. Huko aliungama dhambi za maisha yake yote kwa maandishi, kazi iliyochukua siku tatu. Nguo zake za thamani akampa maskini mmoja, upanga wake akauacha mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akakesha usiku kucha katika sala hadi alfajiri ya sikukuu ya Kupashwa Habari. Baadaye alipata habari kwamba yule maskini alikamatwa kwa kudhaniwa kuwa mwizi, kwa sababu ya nguo zile. Akalia kwa huruma.

Manresa: kilele na bonde

Alikusudia kukaa katika mji wa Manresa siku chache tu. Alikaa karibu miezi 11. Aliomba chakula mlango kwa mlango, alisali saa saba kila siku akiwa amepiga magoti, aliwahudumia wagonjwa hospitalini. Kwa miezi ya mwanzo aliishi katika furaha moja isiyobadilika. Hakujua bado undani wa mambo ya roho. Alidhani furaha ile ndiyo maisha ya Mkristo, na kwamba itaendelea hivyo hadi mwisho.

Ikaondoka ghafula. Siku moja alikwenda kusali asisikie ladha yoyote, wala katika Misa, wala katika nyimbo za Kanisa. Siku nyingine furaha ikarudi ghafula vilevile, na huzuni ikamtoka kama mtu avuliwavyo joho mabegani. Akaogopa mabadiliko hayo ambayo hakuwahi kuyaona, akajiuliza ni maisha gani haya mapya aliyoyaanza.

Kisha likaja jaribu zito zaidi. Ingawa aliungama kwa uangalifu mkubwa Montserrat, alianza kusumbuliwa na wasiwasi wa dhamiri: labda dhambi fulani hakuisema yote, labda nyingine hakuieleza vizuri. Akaungama tena, na tena; amani haikuja. Muungamishi wake alimwagiza asirudie dhambi za zamani isipokuwa zile zilizo wazi kabisa, lakini kwake yeye zote zilionekana wazi. Hali hiyo ilidumu kwa miezi. Katika chumba alichokaa, kwa watawa Wadominiko, palikuwa na shimo kubwa karibu na mahali pake pa kusalia, na mara nyingi alisukumwa kwa nguvu na wazo la kujitupa humo ili ayamalize yote. Alipiga kelele kwa Mungu kwamba hatatenda jambo la kumchukiza.

Alijaribu kuilazimisha mbingu kwa kufunga: hakula wala hakunywa kwa juma zima. Jumapili alipomweleza muungamishi wake, aliamriwa kuacha mfungo huo mara moja. Alikuwa bado na nguvu, lakini alitii, na siku mbili akapata utulivu. Siku ya tatu wasiwasi ukarudi. Lakini safari hii alitambua kitu kipya: pamoja na wasiwasi huo iliingia chuki juu ya maisha yote aliyoyachagua, na hamu ya kuyaacha. Hapo akajua kwamba sauti ile haikuwa ya Mungu. Mungu haumizi dhamiri ili mtu aache wema. Akaamua kwa uthabiti kutorudia kuungama mambo ya zamani, na tangu siku hiyo akawa huru.

Tunapenda kulitazama jambo hili kwa makini. Inyasi hakuokolewa na hisia nzuri iliyomjia kutoka juu. Aliokolewa kwanza kwa sababu alimfunulia mtu mwingine yaliyokuwa moyoni mwake, akamtii. Kisha kwa sababu alidumu katika aliyoyaamua wakati wa nuru, hata pale ambapo nuru haikuwapo. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Si vigumu kufikiri mambo yangekuwaje kama kijana yule angeificha siri ya shimo lile na kubaki nayo peke yake.

Baada ya hayo, siku moja akiwa ameketi kando ya mto Cardoner, alipewa mwanga mkubwa wa akili kuhusu mambo ya imani na ya dunia. Alipokuwa mzee alikiri kwamba yote aliyojifunza maishani, yakikusanywa pamoja, hayakulingana na mwanga wa siku hiyo moja.

Hekima aliyoiandika

Manresa ndiko alikoanza kuandika kumbukumbu ambazo baadaye zilikuwa kitabu kidogo cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Ndani yake mna kanuni za kupambanua roho. Inyasi anaziita hali mbili za moyo faraja na ukiwa. Faraja ni ongezeko lolote la imani, matumaini na mapendo, na ile furaha inayomvuta mtu kuelekea mambo ya Mungu. Ukiwa ni kinyume chake: giza, fadhaa, kuvutwa na mambo ya chini, uvivu wa moyo, na kujiona umetengwa na Muumba wako.

Kanuni yake iliyo maarufu zaidi ni hii: wakati wa ukiwa, usibadili uamuzi uliofanya wakati wa faraja. Kaa palepale ulipokuwa. Ikiwa kuna la kubadili, libadilike bidii yako: sali kidogo zaidi, jichunguze zaidi, jitese kidogo kwa kiasi kifaacho. Mtu akumbuke kwamba neema ya kutosha ipo ingawa haionekani, na kwamba faraja itarudi. Kuhusu sababu za ukiwa anataja tatu. Pengine ni uzembe wetu wenyewe katika sala. Pengine Mungu anatupima, tuone tutamtumikia kiasi gani bila malipo ya hisia tamu. Na pengine anataka tujue kwa hakika kwamba faraja ni zawadi yake, si mali yetu.

Kanuni ambazo twazisahau zaidi ni zile za wakati wa furaha. Aliye katika faraja, anafundisha Inyasi, afikirie atakavyojiendesha ukiwa utakapokuja, ajiwekee nguvu mapema, na ajinyenyekeze kwa kukumbuka alivyokuwa dhaifu wakati wa giza. Mkulima mwenye busara haoni mavuno mengi kuwa sababu ya kuteketeza ghala. Sisi nasi mara nyingi huharibu mambo siku za neema: twaweka nadhiri tusizoziweza, twaahidi michango isiyolipika, twawahukumu wasiosali kama sisi, kana kwamba jua halitazama kamwe.

Kujifunza kwa muda mrefu

Mwaka 1523 Inyasi alifika Yerusalemu. Alikuwa ameota safari hiyo tangu kitandani Loyola, na nia yake ilikuwa kubaki huko hadi kufa. Wafransisko waliokuwa na mamlaka juu ya mahali patakatifu walimwamuru aondoke, kwa kuhofia usalama wake. Tamanio kubwa la maisha yake likafungwa baada ya siku zisizozidi 30. Alitii, akapanda meli kurudi, akajiuliza afanye nini. Jibu lilikuwa kusoma.

Hivyo mtu wa miaka zaidi ya 30, aliyewahi kuwa kiongozi wa askari, aliketi Barcelona kujifunza Kilatini pamoja na watoto. Huko likatokea jambo la kufundisha. Kila alipofungua kitabu ili akariri sarufi, alijiwa na mawazo matamu ya kiroho hata asiweze kusoma. Akagundua kwamba utamu kama huo haukumjia hata katika sala wala katika Misa. Akatambua kwamba hilo nalo ni kishawishi, kwani si kila furaha itokayo mahali pazuri ni ya Mungu. Akamwendea mwalimu wake, akamwahidi kwamba hatakosa darasa kwa miaka miwili. Utamu ule ukakoma.

Alipokuwa akisoma Alcalá alifungwa gerezani siku 42 kwa kushukiwa mafundisho yake, na Salamanca siku 22. Mara zote mbili hakuonekana na kosa la imani. Mwaka 1528 akafika Paris, akajiunga na Chuo Kikuu. Huko alikaa chumba kimoja na Pierre Favre na Fransisko Ksaveri. Favre alikuwa kijana mpole aliyeteswa na wasiwasi wa dhamiri na mabadiliko ya moyo, kama Inyasi mwenyewe alivyoteswa Manresa. Inyasi hakumharakisha, alimsindikiza kwa miaka minne kabla ya kumwongoza katika Mazoezi kamili. Papa Fransisko alimtangaza Favre kuwa mtakatifu mwaka 2013. Ndivyo jeraha la mmoja lilivyokuwa dawa ya mwingine.

Tarehe 15 Agosti 1534, katika kilima cha Montmartre, wenzi saba waliweka nadhiri. Inyasi alipewa daraja ya upadre mwaka 1537. Mwaka 1540 Papa Paulo III aliidhinisha Shirika la Yesu, na mwaka uliofuata wenzake walimchagua kuwa mkuu wao, ingawa alijaribu kukataa.

Robo saa ya sala

Miaka yake iliyobaki aliipitisha Roma, mara nyingi akiwa mgonjwa wa tumbo, akiandika barua ambazo idadi yake inakaribia 7,000. Kuyatawala mawimbi ya moyo hakukumfanya awe mtu mkavu. Alilia machozi mengi katika Misa hata macho yake yakadhurika. Aliwapenda wenzake kwa dhati. Fransisko Ksaveri, aliyetia nanga Malindi katika pwani yetu mwaka 1542 akielekea Goa, alizipokea barua zake kwa machozi. Mwezi Juni mwaka 1553 Inyasi alimwandikia akimwita arudi Ulaya. Hakujua kwamba rafiki yake alikuwa amefariki tangu Desemba 3, 1552, katika kisiwa karibu na China.

Wakati mmoja daktari alimshauri aepuke huzuni kwa ajili ya afya yake. Alijichunguza ni jambo gani linaloweza kumhuzunisha, akaona ni moja tu: Shirika lote kuvunjwa. Akaongeza kwamba hata hilo, likitokea bila kosa lake, robo saa ya sala ingetosha kumrudishia amani. Si majivuno hayo. Mwaka 1555, alipochaguliwa Kardinali Carafa kuwa Papa Paulo IV, mtu ambaye waliwahi kutofautiana naye na ambaye Shirika lilikuwa na sababu ya kumwogopa, waliokuwapo waliona uso wa Inyasi ukibadilika na mwili wote ukitetemeka. Hakusema neno. Aliingia kanisani kusali, na baada ya muda mfupi akatoka mchangamfu, kana kwamba uchaguzi umefanyika kama alivyotaka.

Tuone vizuri kwamba alitetemeka. Utakatifu haukumwondolea mshtuko wala hofu. Ulimpa mahali pa kuipeleka hofu yake.

Alifariki alfajiri ya tarehe 31 Julai 1556. Jioni ya kuamkia siku hiyo alimwomba katibu wake aende kumwombea baraka ya Baba Mtakatifu, kwa kuwa alijiona karibu na kifo. Katibu, aliyekuwa na barua za kupeleka na ambaye hakuona hatari, aliomba aende kesho yake. Inyasi hakushindana naye. Alikufa bila baraka hiyo na bila Mpako wa Wagonjwa, kwa ukimya, kama wafavyo maskini wengi. Papa Gregori XV alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 12 Machi 1622, pamoja na Fransisko Ksaveri na Teresa wa Avila, miongoni mwa wengine.

Sisi na mawimbi yetu

Wanaoishi pwani hawashangai maji yakipwa. Chombo hukaa juu ya mchanga, na nahodha hakiuzi kwa sababu hiyo. Hukagua mbao, hushona tanga, hungoja maji yajae. Tungependa kila msomaji wetu aliyekauka moyoni leo achukue hilo nyumbani kwake. Usiivunje ndoa yako usiku wa hasira. Usiache wito wako katika juma la uchovu. Usiamini kwamba Mungu hayupo kwa sababu sala imekuwa chungu. Ngoja, dumu, sema na mtu.

Hatusemi kwamba kila uamuzi wa zamani ulikuwa mwema, wala kwamba anayepigwa au kuonewa nyumbani akae katika hatari kwa jina la uvumilivu. Huyo atafute usalama na msaada. Tena, huzuni isiyoondoka kwa majuma mengi, inayomnyima mtu usingizi na chakula, yaweza kuwa sonona, ambayo ni ugonjwa, na mgonjwa huenda kwa daktari huku akiendelea kusali. Na kama wazo la kuutoa uhai linakujia, jua kwamba lilimjia pia mtakatifu huyu, na kwamba alilisema kwa Mungu kwa sauti kuu. Usilale nalo usiku mmoja zaidi ukiwa peke yako. Mwendee padre, mtawa, mwanajumuiya, mzazi, daktari, yeyote unayemwamini.

Na wewe unayefurahi leo, furahi kwa shukrani. Jioni, kabla ya kulala, fanya kama Inyasi alivyowafundisha wenzake: mshukuru Mungu, ipitie siku yako tangu asubuhi, uone ni wapi moyo ulipanda na wapi ulishuka, omba msamaha, omba neema ya kesho. Dakika 15 zatosha. Hiyo ndiyo robo saa ambayo, kwa miaka mingi ya uaminifu, ilimtosha mtu huyu hata mbele ya hofu yake kubwa kuliko zote.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.